Mkimbiaji wa Shule ya Upili na Chuo cha Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ifikapo Januari, matokeo ya KCSE yakiwa yametoka na mbio za nyika zikiwa zimepamba moto, simu yangu haitulii. Huyu ni mzazi kutoka Kapsabet, yule ni mwalimu wa michezo kule Marakwet, mwingine ni kijana mwenyewe. Habari ni ile ile: kocha wa chuo cha Marekani ameona muda wa mtoto, ametuma ujumbe wa WhatsApp, anamtaka. Nami nilitakiwa hivyo. Nilikimbilia chuo kimoja huko miaka minne, nikarudi na shahada. Sasa nafundisha, na jioni nawasomea watu barua zao za ofa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Vyuo vyote vinasema vina skolashipu. Tofauti ni nini?

Vyuo vingi vyenye timu viko chini ya chama kiitwacho NCAA, nacho kimegawanywa divisheni tatu. Divisheni ya Kwanza na ya Pili hutoa skolashipu za michezo. Ya Tatu haitoi hata senti moja kwa sababu ya mbio. Kocha wa huko akisema "tutakusaidia", anamaanisha msaada unaotokana na alama zako au hali ya kipato cha nyumbani. Nje ya NCAA kuna NAIA, chama cha vyuo vidogo, ambacho vyuo vyake hutoa skolashipu, na NJCAA, cha vyuo vya miaka miwili.

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba usipoenda chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza umepotea. Historia yetu wenyewe inakataa. Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui. Katika michezo hiyo hiyo Paul Ereng alitwaa dhahabu ya mita 800 akiwa mwanafunzi wa University of Virginia, chuo kikubwa chenye jina. Mike Boit alipitia Eastern New Mexico, akaendelea na masomo hadi uzamifu, akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukubwa wa chuo haukumzuia yeyote kati yao.

Kocha anasema nitapewa asilimia 60. Si ofa nzuri?

Asilimia 60 ya nini? Hapo ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Chukua mfano. Chuo cha kwanza kinagharimu dola 50,000 kwa mwaka, pamoja na malazi na chakula. Kikikupa asilimia 60, kinakuachia dola 20,000. Kwa shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 2.6, kila mwaka. Chuo cha pili kinagharimu dola 18,000 na kinakupa nusu tu. Unabakiwa na dola 9,000. Ofa ya asilimia 50 imeishinda ya 60 kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia, iandike kando, kisha uulize swali hili: "Baada ya kila kitu, nyumbani watalipa dola ngapi mwaka wa kwanza, na dola ngapi mwaka wa pili?"

Hiyo "kila kitu" nayo ifafanuliwe. Karo, ada ndogo ndogo, chumba, chakula, vitabu. Bima ya afya, ambayo vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuwa nayo. Mahali pa kulala wakati wa Krismasi na kiangazi, kwa sababu mabweni mengi hufungwa na nauli ya kurudi Eldoret kila likizo hakuna. Nguo za baridi, ambazo si sweta ya shule.

Halafu kuna kodi ya serikali ya Marekani, na hili karibu hakuna anayeambiwa mapema. Sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato kwa mwanafunzi wa kigeni, na kwa kawaida hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuizuia. Kama chumba na chakula ni dola 12,000, kodi yake ni dola 1,680, zaidi ya shilingi laki mbili. Nimeona mtoto mwenye skolashipu "kamili" akizuiwa kujisajili kwa muhula uliofuata kwa sababu ya deni hilo, na nyumbani wakamshuku kuwa ametumia pesa vibaya. Muulize kocha waziwazi: chuo kinalilipia deni hilo, au ni langu?

Na ninawaomba wazazi, tena kwa heshima: msitegemee harambee kufunika pengo. Harambee hufanywa mara moja, watu wakachanga, tiketi ikanunuliwa, mtoto akasindikizwa kwa nyimbo. Karo ya mwaka wa pili ikifika, hakuna wa kuitisha mkutano mwingine. Kama pengo ni kubwa kuliko mnachoweza kulipa kwa maziwa, mahindi na mishahara yenu ya kawaida, ofa hiyo si yenu, hata ikiwa chuo kina uwanja wa kupendeza.

Ahadi ya kocha kwa simu ina uzito gani?

Haina. Kocha anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado ahadi yake isitimie, kwa sababu pesa si zake. Kinachobana ni barua ya ofa ya msaada wa kifedha kutoka chuoni, yenye kiasi, muda, na saini. Ule mkataba wa zamani ambao wanariadha waliutia saini kujifunga na chuo ulifutwa mwaka 2024. Siku hizi barua hiyo ya ofa ndiyo mkataba wako.

Ndani yake tafuta kama ni ya mwaka mmoja au ya miaka minne. Ya mwaka mmoja si mbaya, ila ujue kwamba kila kiangazi utakuwa unangoja. Chuo cha NCAA kinatakiwa kukujulisha kufikia Julai 1 kama msaada hautaendelea au utapunguzwa, na una haki ya kuomba kusikilizwa na kamati ya chuo iliyo nje ya idara ya michezo. Wakenya wengi hawajui haki hiyo, hupokea barua na kunyamaza.

Nasikia sheria zilibadilika mwaka 2025. Inanihusu?

Inakuhusu sana. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano kati ya wanariadha na NCAA yanayoruhusu vyuo vya Divisheni ya Kwanza kuwalipa wanariadha moja kwa moja. Watu walishangilia hilo wakasahau upande wa pili. Kwa vyuo vilivyoyakubali, ukomo wa idadi ya skolashipu uliondolewa, ukawekwa ukomo wa idadi ya watu kwenye timu: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Zamani timu ya wanaume ya riadha na nyika iligawana skolashipu 12.6, na ya wanawake 18, lakini kocha angeweza kuwa na wakimbiaji wengi wasiolipiwa. Leo kuna chuo kinachoweza kulipia timu nzima kikitaka, na kuna kingine ambacho pesa zake zote zimekwenda kwa kandanda ya Kimarekani na mpira wa vikapu. Kwa sheria viko sawa. Mfukoni havifanani kabisa.

Muulize kocha: timu ina wakimbiaji wa masafa marefu wangapi sasa, wangapi wanamaliza mwaka huu, na mimi ni wa ngapi kwenye hesabu yako? Kocha mkweli hatakasirika.

Kocha akiondoka je?

Huondoka. Wangu aliondoka baada ya mwaka mmoja, akaenda chuo kilichomlipa zaidi, na aliyekuja hakuwa amenichagua. Sikupokonywa msaada, ila sikuwa tena mtu wa mtu, na hilo ni gumu ukiwa na miaka 20 mbali na kwenu.

Kwa hiyo kipime chuo kana kwamba kocha hayupo. Kozi ninayoitaka ipo? Kuna wanafunzi wengine kutoka Afrika? Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inajibu barua pepe? Iandikie sasa hivi, kabla hujakubali chochote, uone kama itajibu ndani ya wiki.

Nikiumia?

Uliza mambo mawili: nani analipia matibabu, na skolashipu itakuwaje nikikosa msimu mzima. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kugharamia matibabu ya jeraha la kimichezo hadi angalau miaka miwili baada ya mwanariadha kuondoka chuoni. Kwingineko usidhani, uliza, na upate jibu kwa maandishi.

Jeraha ninalolihofia zaidi kwa watoto wetu ni mifupa ya miguu kupasuka kwa uchovu. Huko mkimbiaji wa masafa marefu ana misimu mitatu kwa mwaka: nyika kuanzia Agosti hadi Novemba, mbio za ukumbini hadi Machi, halafu za uwanjani hadi Juni. Ukumbini uwanja ni wa mita 200, kona kali, na mguu wa ndani hubeba mzigo usio wake. Na mashindano ni ya pointi: mshindi huleta 10, wa pili 8, hadi wa nane ambaye huleta moja. Kocha akiona Mkenya anaweza kumletea pointi katika mita 10,000 Ijumaa, viunzi na maji Jumamosi asubuhi, na mita 5,000 jioni, kishawishi ni kikubwa.

Si makocha wote. Ila fungua matokeo ya timu ya miaka mitatu iliyopita, yako wazi mtandaoni, ufuate majina ya Wakenya waliosajiliwa. Mwaka wa kwanza walikimbia muda gani? Wa tatu je? Majina yanatoweka katikati? Mtu aliyekimbia vizuri mwaka wa kwanza kisha akapotea kwenye matokeo ana habari unayohitaji. Mtafute, mpigie, muulize kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kocha akiwa hayupo.

Sheria za NCAA huruhusu saa 20 tu za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko. Waulize wanatimu kama siku hiyo ni ya mapumziko kweli.

Nisomee nini? Kocha anasema "chochote".

Jibu la "chochote" linanitia wasiwasi. Taja kozi yako na uulize ratiba yake inagongana vipi na mazoezi. Uuguzi, uhandisi na sayansi zenye maabara za alasiri hugongana mara nyingi, na kuna makocha wanaowasukuma watoto kimyakimya kwenye kozi nyepesi. Lakini inawezekana: Sally Kipyego alisomea uuguzi akiwa Texas Tech na akashinda mataji tisa ya NCAA, kisha akaleta fedha ya mita 10,000 ya Olimpiki mwaka 2012. Ukiambiwa haiwezekani, uliza haiwezekani wapi.

Jambo jingine ni kubadilisha kozi. Katika Divisheni ya Kwanza lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yako kufikia mwisho wa mwaka wa pili, 60 wa tatu, 80 wa nne. Ukihama kozi katikati, masomo mengine hayahesabiki na unaweza kuzuiwa kushindana. Fikiria kozi sasa, ukiwa bado nyumbani.

Hali ya hewa na urefu wa mahali vina maana gani?

Vina maana kuliko wanavyokubali. Mtu aliyezoea Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, akipelekwa Iowa, atakutana na Januari ya nyuzi 20 chini ya sifuri na mazoezi ya kuzunguka ukumbini. Wapo waliong'aa huko. Edwin Kurgat wa Iowa State alishinda taji la nyika la NCAA mwaka 2019. Kama nyanda za juu ni muhimu kwako, Flagstaff iko kwenye mita 2,100, sawa na Eldoret, na Albuquerque kama 1,600. Kwa maoni yangu baridi huzoeleka. Upweke ndio humaliza watu. Timu yenye Wakenya wengine watatu katika mji wenye theluji ni afadhali kuliko wewe peke yako kwenye jua.

Ni binti yangu. Nimuulize nini kocha?

Mama au baba, ombeni kuzungumza na msichana mmoja aliye kwenye timu sasa, bila kocha kusikiliza. Ulizeni kama kuna mwanamke kwenye benchi la ukufunzi, nani huwatazama wakiugua, na kama wanasemwa kuhusu uzito wao. Hilo la mwisho msilione dogo. Wasichana wetu wanafanya makubwa huko, mathalani Doris Lemngole wa Alabama, bingwa wa nyika wa NCAA wa mwaka 2024, lakini msichana anayeambiwa kila wiki apunguze kilo atavunjika mfupa kabla ya kumaliza mwaka.

Wakala anataka asilimia ya skolashipu. Ndivyo inavyofanywa?

Sivyo. Kanuni za NCAA zinaruhusu umlipe mtu akusaidie kutafuta chuo, lakini malipo yasifungamane na kupata kwako nafasi au na kiasi cha skolashipu. Mkataba wa asilimia unaweza kukuharibia ustahiki wako wa kushindana. Na mtu anayekuomba pasipoti yako aishike "kwa usalama" mkatalie hapo hapo.

Mengi anayoyafanya wakala unaweza kuyafanya wewe: makocha wana barua pepe kwenye tovuti za timu zao. Andika kwa ufupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, muda wako bora na mahali ulipoukimbia, alama za KCSE, kozi unayoitaka. Muda uwe wa kweli. Wanapiga simu kuuliza.

Nilimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita na nimekuwa nikikimbia mbio za barabarani. Nimechelewa?

Labda si kwa kila mahali. Kwa riadha ya Divisheni ya Kwanza, kanuni iliyozoeleka ni kwamba una mwaka mmoja baada ya kumaliza shule. Ukiendelea kushindana zaidi ya hapo bila kujiunga na chuo, misimu yako ya kushindana hukatwa na unaweza kukalishwa mwaka mzima bila kushindana. Vyama vingine vina kanuni zao. Kama ulipokea pesa za zawadi, andika kila shindano, tarehe, kiasi, na gharama zako za safari, na useme ukweli. Kanuni za zawadi zimekuwa zikilegezwa. Uongo kwenye fomu haujalegezewa.

Alama na karatasi zinazohitajika?

Unajisajili kwenye kituo cha NCAA kinachothibitisha ustahiki, unawasilisha matokeo na hati za shule. NCAA iliacha kudai SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuingilia chuo, mwaka 2023, ingawa vyuo kadhaa bado vinaitaka kwa udahili. Mtihani wa Kiingereza hutegemea chuo. Kinachochelewesha watoto wetu zaidi ni majina: cheti cha kuzaliwa kina mawili, KCSE ina matatu, pasipoti imepanga kivingine. Rekebisha hayo mwaka mmoja kabla.

Chuo cha miaka miwili ni aibu?

Hapana. Kipyego mwenyewe alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili huko Texas. Ni nafuu, hukupa nafasi ya kuzoea, na ukiwa na alama nzuri makocha wa vyuo vikubwa watakuja wenyewe. Hakikisha tu kwamba masomo yako yatahamishika.

Mimi si wa kasi ya kutisha, lakini nina A.

Basi wewe una mlango ambao mwenye kasi hana. Vyuo vinane vya Ivy League, vile vikongwe vyenye jina kama Harvard na Yale, havitoi skolashipu ya michezo hata kwa bingwa wa dunia, ila hutoa msaada kwa kadiri ya uwezo wa familia, na kwa familia ya mkulima mdogo msaada huo unaweza kufunika karibu kila kitu. KenSAP, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, umekuwa ukiwapeleka wanafunzi wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vya namna hiyo. Ofa ya vyuo hivi ina uzuri mmoja: haitegemei miguu yako.

Nitaweza kulipwa kwa jina langu kama Wamarekani?

Kuwa mwangalifu. Tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa za matangazo, lakini viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inabana kazi: chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na nje ya chuo kwa idhini maalumu tu. Mtu akikuambia "piga picha tu, hakuna shida", shida itakuwa yako, si yake. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza.

Na viza?

Chuo kitakutumia fomu ya I-20, inayoonyesha gharama ya mwaka na nani anailipa. Pengo lolote lazima mwonyeshe pesa zake, ndiyo maana nilisisitiza hesabu. Utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, kisha mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri. Zungumzia masomo yako. Aliyejiandaa kueleza mbio tu huonekana kama hajui anaenda kusoma nini. Ndugu wa Burundi wafuatilie vikwazo vilivyowekwa Juni 2025, kwani vinagusa viza za wanafunzi pia.

Nikijuta, naweza kuhama?

Unaweza. Tangu 2024 mwanariadha wa Divisheni ya Kwanza mwenye maendeleo mazuri ya masomo anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukalishwa. Lakini ukijiandikisha kuhama, chuo chako kinaweza kusitisha msaada, na rekodi yako ya viza kwenye SEVIS lazima ihamishwe kihalali. Usiache chuo kabla kingine hakijakuandikia.

Barua imekuja leo na kocha anataka jibu kesho. Nifanye nini?

Mwandikie leo hii hii. Mshukuru, mwambie unakitaka chuo chake, omba siku saba, na katika ujumbe huo huo uweke maswali manne: familia italipa dola ngapi mwaka wa kwanza, msaada ni wa miaka mingapi, itakuwaje nikiumia, na ile kodi ya serikali inayokatwa kwenye skolashipu ya chumba na chakula inalipwa na nani. Uombe namba za wanatimu wawili. Kisha kaa na wazazi, mpige hesabu kwa shilingi, kwenye karatasi, kila mtu akiona. Majibu yakija kwa maandishi, chapisha nakala mbili: moja uende nayo, nyingine ibaki nyumbani, iwekwe pamoja na hati ya shamba.